Kipande cha Plaki

Maurice Musau alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona chuma kimefubaa akakipita. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi katika karakana ya reli ya Kamina, na siku ya kustaafu alirudi nyumbani na jiliwa la kubania vyuma lenye taya bovu pamoja na burashi ya waya ambayo kikosi chake kilisugulia maungio ya reli. Tangu hapo hakuna kitu kilichopumzika nyumbani mwake. Vijiko viling'aa, bawaba ziling'aa, ndoo ziling'aa. Marehemu mkewe, Marthe, alizoea kusema kwamba kuku wafungiwe mapema, maana mzee akikosa chuma atawasugua hao.

Mtaa mzima ulimcheka, na mtaa mzima ulimletea visu. Hata hospitali ilimletea. Ézéchias, mwuguzi wa chumba cha kuchemshia vyombo, alikuja kila mwezi na mikasi butu na koleo zilizolegea, na Musau alizirudisha zikiwa kama mpya. Kwa hiyo pikipiki ilipomwangusha binti yake Ndaya kwenye njia ya Kabondo-Dianda, mfupa wa muundi ukakatika mara mbili, halikuwa jambo geni Ézéchias kubisha hodi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

Ilikuwa plaki, kile kibao chembamba cha chuma chenye matundu ambacho daktari hukifunga kwa skrubu juu ya mfupa uliovunjika. Mpya hazikuwapo. Hii ilitolewa kwenye mguu wa mtu aliyepona mwaka juzi. Ilikuwa imepinda, imezidi urefu, na imefubaa.

"Papa Musau, unyooshe tu, na ukate ile matundu mbili ya mwisho," alisema Ézéchias. "Kuchemsha, ile iko kazi yangu."

Unyooshe tu! Nani aliwahi kumwambia Musau "tu" akasikia? Chuma hicho kilikuwa kinakwenda kukaa ndani ya mwanawe, wa pekee aliyebaki, nacho kina weusi kwenye matundu. Alikinyoosha, kisha akashika burashi ya waya, akasugua juu na chini tangu asubuhi hadi jua likageuka, akamalizia kwa msasa. Ndipo akakata. Ézéchias alipokiona alipiga mluzi, akakipeleka kuchemshwa. Kile kipande kilichokatwa, chenye matundu mawili, Musau alikitia kwenye mfuko wa shati, akawa anakitoa kila anapopata mtu wa kumwonyesha, na watu wa kuonyeshwa hawakukosekana.

Ndaya alijigamba kuliko baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchuuzi wa samaki wakavu aliyezoea kupanda treni kwenda Bukama na kurudi na magunia, na kulala chali kulimuudhi. Lakini wageni wakija alisahau maumivu. "Bengine beko na chuma ya hospitali," aliwaambia. "Yangu minyi, papa njo alisugua."

Wiki ya tano mguu ulianza kuvuja. Wiki ya nane ukanuka, na homa ikampanda. Daktari aliyemfunga plaki alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake, Dokta Sylvie Masengo, alifungua kidonda, akaitoa plaki, akakuta mfupa umelainika kama muhogo uliosahauliwa majini. Homa haikushuka. Siku mbili baadaye alisema mguu ukatwe juu ya goti, na ukatwe siku hiyohiyo, kwa sababu usaha ukishaenea kwenye damu hakutakuwa na cha kukata.

Ndaya alikataa.

"Murudishe chuma ya papa," alisema, midomo imemkauka. "Muguu ilikuwa inavumilia na chuma yake. Mulipoitosha njo homa ilizidi."

Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na hakuna aliyeweza kumshurutisha. Daktari akaagiza baba yake aitwe.

Musau aliingia maabara, alikokuwa daktari, akiwa amekasirika, na hakungoja kukaribishwa. "Dokta, munataka kumukata mutoto muguu bure. Chuma yangu iko muzuri. Angalia, ndugu yake njo hii." Akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka mezani kwa kishindo.

Chini ya taa ya maabara kilikuwa na vidoa vidogo vya hudhurungi. Alikuwa ameviona wiki iliyopita, akadhani ni jasho la shati. Daktari alikitazama kwa hadubini muda mrefu, kisha akampisha naye atazame. Musau aliinama. Uso aliouona haukuwa ule aliokuwa akiwaonyesha watu. Ulikuwa mifereji mitupu, mmoja juu ya mwingine, kama shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi.

"Hii mistari ilitoka wapi, papa?"

"Burashi ya waya."

"Waya gani?"

"Ya reli."

Daktari alifungua kabati, akatoa chupa ya maji ya bluu ambayo maabara huyatumia kupima watu wanaotaka kutoa damu: tone la damu likizama humo, damu ina nguvu. Aliweka tone moja la maji hayo kwenye kipande, na jingine kwenye skrubu mpya ya hospitali.

Maji hayo Musau aliyajua kabla daktari huyu hajazaliwa. Ilikuwa sulfate ya shaba. Karakanani waliipaka juu ya chuma tupu kabla ya kuchora vipimo. Shaba ilishika, uso ukawa mwekundu, na mistari ikaonekana vizuri. Kila kijana mgeni aliyejaribu kuipaka kwenye inox, chuma kisichoshika kutu ambacho hata plaki hutengenezwa nacho, alichekwa mpaka akaona haya, maana haishiki. Inox ina ngozi yake ya kuikinga. Yeye Musau ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Walingoja dakika chache. Daktari akapangusa matone yote mawili kwa pamba. Skrubu ilibaki nyeupe. Kipande kilibaki na michirizi myekundu iliyolalia upande mmoja, jinsi mtu wa mkono wa kushoto anavyosugua. Musau alitumia mkono wa kushoto.

"Ngozi," alisema. "Nilitosha ngozi yake, nilichubua."

"Ndiyo, papa. Burashi ilipasua ile ngozi na iliacha unga ya chuma ya reli ndani. Ile njo ilishika kutu mu mwili. Na mu ile mifereji bijidudu bilipata pa kujishikiza, bikajifunika na ute. Dawa haifike." Daktari akaendelea, maana alikuwa mtu wa haki. "Haiko weye peke. Plaki ya mutu moja haiingie kwa mwingine. Na hakuna mutu hapa alikukataza."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia hata kidogo. Angependa zaidi apigwe kofi.

"Ndaya anaamini weye tu," daktari alisema. "Minyi haniamini."

Musau alivuka ua wa hospitali na kipande kiganjani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Harufu ya mguu ilikuwa imejaa chumbani, na yeye kwa siku hizo zote alikuwa amejilazimisha asiisikie.

"Ndaya, ile chuma hairudi."

"Ju ya nini?"

"Minyi njo niliharibisha."

Ndaya alicheka kicheko kikavu. "Weye? Weye haujaharibisha chuma hata siku moja, papa."

Akamwekea kipande mkononi, wekundu ukiwa juu, akamweleza yote: burashi, ngozi, unga wa reli. Hakumtaja Ézéchias. "Kama ningeiacha vile ilikuwa," alisema, "pengine ungekuwa unatembea."

"Ulisugua siku yote?"

"Siku yote."

Ndaya alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akairudisha magotini pa baba yake, mmoja mmoja, akaomba karatasi ya kukubali kukatwa. Alitia saini mara moja. Musau alipotakiwa kuandika jina lake kama shahidi, ilibidi aandike mara mbili.

Ndaya alipona. Mwezi uliofuata alikuwa amekaa mlangoni akichambua samaki, na jirani yao, Mama Mbayo, amekuja kumsalimu. Musau alikuwa nyuma ya ukuta na sufuria mkononi.

"Na ile chuma ya papa yako," aliuliza Mama Mbayo, "yenye ilikuwa inang'aa vile?"

Musau alisimama. Alimwomba Mungu Ndaya aseme ukweli. Aseme kwa sauti, mtaa mzima usikie, nao umcheke au umtukane upendavyo.

"Chuma ilikuwa muzuri, mama," Ndaya alijibu. "Mwili yangu njo ilikataa."

Baadaye Mama Mbayo alipoaga, Ndaya aliita aletewe magongo yake. Maungio ya chuma ya magongo hayo yalikuwa yameshaanza kufubaa. Musau akamletea hivyohivyo.