Kengele ya Bofu

Mzee Anis alipofariki, wanawe wawili waligawana alichokiacha mpaka masufuria. Nyumba ya Shika Adabu, huko Likoni, alibaki nayo mjane wake, Bi Mwanasaumu, na binti yake Mahfoudha akakaa nyumba ya pili. Mwanawe wa kiume, Jamaludin, akahamia Bofu. Kitu kimoja tu kiliwashinda: kisanduku cha chuma kilichokuwa katika chumba cha nyuma ya duka la mzee, kikimemeta taa za kijani. Ilikuwa ruta. Kwa ruta hiyo mzee aliwauzia watu intaneti kutoka Bofu hadi majumba ya Shelly Beach, na wateja wote walipitia humo.

Aliyeitwa kuigawa ni Nyamvula, aliyekuwa fundi wa mzee kwa miaka tisa.

"Hii haikatwi kwa msumeno," aliwaambia. "Nitaigawa kwa ndani. Nitatengeneza ruta pepe mbili humo humo, kila moja na wateja wake, njia zake na nywila yake. Ni kama nyumba ya kupangisha: paa ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake. Bwana Jamaludin hutaona mambo ya dada yako, na wewe Bi Mahfoudha hutaona ya kaka yako."

"Ndivyo nitakavyo," akasema Jamaludin.

Dada yake hakumtazama. Tangu kesi ya mirathi walikuwa wakisemeshana kupitia kwa watu wengine, hata wakiwa chumba kimoja.

"Lakini kuna kitufe cha mama," Nyamvula akasema.

Wote wawili walikijua. Bi Mwanasaumu alikuwa na pumu ya miaka mingi, na macho yalikuwa yamemwisha kiasi cha kutoweza kupiga simu. Mumewe alimvisha kitufe shingoni, kwa uzi. Akikibonyeza, kengele hulia zahanati ya Bofu, na muuguzi Josephine huja kwa bodaboda na mtungi wa hewa. Kwa miaka minne kitufe hicho kilikuwa kimemrudisha duniani mara tatu.

"Nyumba ya mama iko upande wa Bi Mahfoudha," Nyamvula aliendelea. "Zahanati iko upande wa Bwana Jamaludin. Nikizitenga ruta kabisa, ujumbe wa kitufe utatoka nje hadi kwenye intaneti ndipo urudi ndani. Faiba, ule waya utuleteao intaneti, ikikatika, ujumbe haufiki. Niacheni niweke njia moja ndogo baina yenu. Ya kitufe tu."

"Leo njia, kesho dirisha," Mahfoudha akasema. "Mwambie huyo simtaki nyumbani kwangu, hata kwa waya."

"Na wewe mwambie," Jamaludin akajibu, "kwamba kwangu haipiti hata sindano. Faiba haijakatika mwaka mzima. Fundi, fanya kazi uliyoitiwa."

Nyamvula alisimama pale na kompyuta yake mkononi. Angeweza kukataa. Angeweza pia kuiweka ile njia kimyakimya, kwani kati yao hakuna ambaye angeiona. Lakini alikuwa mtu wa kufuata aliloambiwa, na alikuwa amechoka kusimama katikati ya ugomvi wao. Akazitenga.

Siku hiyo hiyo alikwenda Shika Adabu kukijaribu kitufe. Bi Mwanasaumu akakibonyeza, na baada ya muda mfupi Josephine akapiga simu kutoka Bofu kusema kengele imelia.

"Ndoo hapa, mwanangu," bibi akamwita Nyamvula. "Wamegawana kila kitu. Na mimi wamenigawa?"

"La, mama."

"Mimi niko upande gani?"

Nyamvula alikosa uongo wa haraka. "Wewe uko kwa Bi Mahfoudha. Kengele iko kwa Bwana Jamaludin."

Bibi akakipapasa kitufe kifuani. "Basi mwili wangu uko huku, na pumzi yangu iko kule," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kukumbuka alikoweka kitu.

Miezi mitano ilipita bila tatizo. Kisha, Jumanne moja saa tatu na nusu asubuhi, tingatinga lililokuwa likichimba mtaro kando ya barabara likaing'oa faiba. Likoni nzima ya Mzee Anis ikazimika. Simu ya Nyamvula ilianza kulia na haikunyamaza: mwenye duka la michezo ya video, mwalimu, mpangaji wa Shelly Beach aliyekuwa katikati ya mkutano. Alifika mtaroni, akapiga magoti topeni, akaanza kutafuta ncha mbili za waya huku akiwajibu watu kwa sikio moja. Alisikia lawama nyingi asubuhi ile, lakini hakuna hata mmoja aliyemtajia kitufe.

Mwenyewe alikikumbuka ilipokaribia saa tano. Akauachia waya. Akampigia Vivian, msichana aliyemtunza bibi.

"Uko na mama?"

"Nilikwenda sokoni, dada. Foleni ya samaki ilikuwa ndefu. Ndio naufungua mlango sasa hivi."

Nyamvula akasikia komeo, kisha ndara za Vivian kwenye sakafu, kisha Vivian akiita, "Bibi? Bibi?" Halafu akasikia ukelele ambao ulimfanya aiondoe simu sikioni.

Vivian alimkuta bibi sakafuni baina ya kitanda na mlango. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Akazikwa alasiri ile ile.

Watu walisema siku yake imefika, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nyamvula angeweza kuacha ikawa hivyo. Lakini ruta huweka kumbukumbu ya kila kinachopita na kila kinachokwama, na usiku wa maziko aliifungua. Upande wa Mahfoudha aliona mstari ule ule umejirudia: ujumbe wa kitufe, hakuna njia. Wa kwanza saa nne na dakika nane. Wa mwisho saa nne na dakika thelathini na moja. Alihesabu kumi na saba.

Baada ya hitima ya siku ya tatu aliwaomba ndugu wale wawili waingie chumbani kwa mama yao, akawaeleza yote. Mahfoudha alikaa juu ya kitanda kilichokwisha kutandikwa upya.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Ni wewe," Jamaludin akamwambia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mwaka uliopita. "Ni wewe uliyeikataa njia."

"Na aliyesema haipiti hata sindano ni nani? Mama alikuwa akikuita wewe, Jamaludin! Kengele ilikuwa kwako!"

Sauti zao zilivuka ukuta hadi kwa wanawake waliokaa mikekani. Kisha wote wawili, kana kwamba wamepatana, wakamgeukia fundi.

"Wewe ulijua," akasema Mahfoudha.

"Nilijua," Nyamvula akajibu. "Niliwaambia, kisha nikawatii. Hilo la kuwatii ni langu."

Jamaludin alimtaka afute kumbukumbu ile, isije ikasomwa mahakamani. Akakataa. Mahfoudha alitaka apewe nakala yake, aiweke iwe ushahidi dhidi ya kaka yake. Akakataa pia. Alikwenda dukani, akaketi mbele ya kisanduku, akaweka njia ndogo baina ya ruta zile mbili. Haikumchukua dakika mbili. Akatoa mfukoni kitufe alichopewa na Vivian, akaichomoa faiba kwa muda, akakibonyeza ili aone kama njia inapita.

Josephine akampigia papo hapo. "Nyamvula, kengele ya Bi Mwanasaumu imelia. Nani amebonyeza?"

"Ni mimi. Inafanya kazi."

"Sasa?" muuguzi akauliza. "Inafanya kazi sasa?"

Nyamvula akakata simu. Aliacha funguo za duka juu ya meza na kutoka.

Juma lililofuata ndugu wale walileta fundi mwingine na ruta ya pili, na kila mmoja akaondoka na yake.