Gome la Mwerebi

Mama Geng, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema mimi ndiye niliyeukata mwerebi wa kaburi la mumewe, kando ya shamba lao la ngano. Anasema nilidamka na ukungu, nikaenda na msumeno, nikauburuta mti hadi bandani, na kufikia wakati wa uji nilikuwa nimeshaukata visahani, vile vipande vya mviringo vyenye gome pembeni wanavyopaka rangi watoto wa chekechea. Ameyasema hayo kinuni, dukani kwa Qiao, hata kwa muuza tofu apitaye na baiskeli.

Mti wenyewe hakuna aliyeupanda. Ni fimbo ya msiba, tawi la mwerebi, aliyoshika mwanawe Laifu siku ya mazishi, ikachomekwa kaburini kama zinavyochomekwa zote. Ile ikachipua, na wazee husema fimbo ikichipua ukoo utastawi. Kwa hiyo hasira yake sikuishangaa. Nilishangaa jana, alipolitia banda kufuli. Banda ni lake, mimi nimelikodi tu, lakini ndani mna msumeno wangu wa umeme na magunia sita ya visahani vibichi. Visipoanikwa vinaota ukungu, na lori la mnunuzi linakuja keshokutwa.

Leo asubuhi nikamkuta kizingitini anachambua vitunguu vya majani, Qiao kakaa naye.

"Huyo kaja, mfukua makaburi," akasema.

"Mama mkubwa, shika hiki." Nikatoa kisahani kilichosalia mfukoni mwa aproni yangu. "Kibandue gome."

"Nikubandue wewe ngozi!"

Qiao akakichukua yeye. Akakwangua kwa ukucha, akajaribu kwa meno. Wapi.

"Mti wa hiki niliukata mwezi wa kumi na mbili, umelala kwa baridi," nikasema. "Wenu siku ya kusafisha makaburi, majuzi tu miti ikichipua, ulikuwa umesimama, sote tuliuona. Mwerebi ukikatwa majira haya, utomvu umepanda, gome linavulika kama soksi. Watoto si ndilo wanalofanyia filimbi?"

"Kweli jamani," Qiao akasema. "Hili limeng'ang'ania kama mgeni aliyenusa nyama."

"Kalibandika kwa gundi! Aliyeishia darasa la sita huyu ndiye wa kunifundisha mimi miti?"

"Haya, nani basi?" Qiao akauliza. "Maana siku zile wanaume waliokuwa hapa kijijini, si mjini kazini, walikuwa wa kuhesabu..."

"Nenda kauze chumvi yako!" Mama Geng akamrushia mizizi ya vitunguu na udongo wake. Qiao akaondoka anacheka, anajikung'uta.

Tulipobaki wawili nikachuchumaa mbele yake.

"Kesho yake baada ya kusafisha makaburi, Laifu alikuja kuazima msumeno wangu wa mkono," nikamwambia taratibu. "Alisema kivuli kinaiua ngano yenu. Jioni akaurudisha, meno yamejaa maganda mabichi. Asubuhi iliyofuata akapanda basi kurudi kazini mjini. Sijamwambia mtu."

Mikono yake ikasimama. Hakuniuliza Laifu yupi, wala kivuli gani. Nikamtazama usoni nikaona hakuna jipya nililomwambia.

"Unanitisha, binti Meng?"

"Hapana."

"Mama yako angekuwa hai ningempelekea ulimi wako kwenye sahani."

"Sawa. Lakini magunia yameshaanza kupata joto, mama mkubwa, ukipitisha mkono chini ya mlango unalisikia. Sitasema kitu kwa Qiao wala kwa yeyote. Naomba ufunguo."

Akavuta kitunguu kingine, akakivua ganda la nje, akakiweka kwenye ungo; ufunguo ukabaki umening'inia kiunoni pake.