Machozi ya Mizabibu ya Oreste

Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu: tulipomzika ndugu yangu Oreste, mizabibu yake ilimlilia. Nilimwambia hivyo Ersilia, mjane wake, aliyetaka kuing'oa yote, na zabibu za aina ile hazijabaki kwingine kilimani kwetu.

Ersilia aliinama, akagusa tone kwenye tawi lililokatwa.

"Mzabibu wowote ukipogolewa Machi hutoa maji, mzushi wee! Tena mkato huu umeelekea chipukizi, maji yanaliozesha. Marehemu hakuwa na mkono mbovu hivi. Nani kaupogoa?"

Nikainamisha kichwa.

"Haya, shemeji. Ukitaka ibaki, ihudumie mwenyewe. Yote."

Nikatoa mkasi mfukoni. Mvua ilinyesha, magoti yaliniuma, na safu zilipanda mlima mpaka ukuta wa makaburi.