Maji ya Chini Yamepanda

Alipotimiza miaka sitini na mmoja, mama mmoja mjane, fundi cherehani, aliwatangazia wanawe kwamba anakwenda kujifunza kuogelea. Kitinda mimba wake alicheka hadi akapaliwa na chai.

"Mama, wewe hata beseni unaliogopa!"

"Ndiyo maana najifunza," akajibu, akashika futi yake, akajipima na kujishonea vazi la kuogelea la mikono mirefu.

Miaka thelathini alikuwa amekaa mchangani akimshikia marehemu mumewe saa na shati, huku mume mwenyewe akijimwaga baharini. Sasa ilikuwa zamu yake.

Kwa miezi miwili alihudhuria mafunzo baharini kila Jumamosi asubuhi na wanawake wenzake sita. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto mchanga, na hilo ndilo lililowaponza. Palikuwa patamu mno kwa soga. Fundi alikuwa akipiga mikono mara nne, kisha anasimama maji yakiwa kifuani na kumalizia habari za bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi. Mwalimu wao, msichana mwenye filimbi shingoni, alipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Boya jekundu walilotakiwa kulifikia lilikuwa palepale, hatua sitini kando ya ufuo, na hakuna aliyekuwa amelifikia.

Ijumaa moja alipigiwa simu na wifi yake, dada wa marehemu. Huyu alifanya kazi ofisi ya hali ya hewa, na kila asubuhi alishusha kipimajoto baharini kutoka gatini.

"Wifi, kesho usiende. Upepo wa msimu umeanza. Juzi maji yalikuwa nyuzi ishirini na nane, leo ishirini na moja."

"Mmeyatia barafu?"

"Upepo huu unafuata pwani. Unayasukuma maji ya juu, yaliyoota jua, yaende mbali. Ya chini yanapanda kushika nafasi yao, na huko chini jua halifiki. Samaki watafurahi, maana chakula kinapanda nayo. Wewe utaganda."

"Nimekusikia," alisema fundi. Kusikia alisikia, ila kesho yake alikwenda.

Ufuo ulikuwa umemezwa na ukungu. Hewa yenye unyevu ilipita juu ya maji baridi ikageuka moshi mweupe, na ndani yake ndege walipiga mbizi wakigombania dagaa. Wenzake wote sita walikuwa wameshikwa na mafua ya ghafla. Waliokuwapo ni mwalimu na wifi, aliyekuja kushuhudia ukaidi kwa macho yake.

Fundi aliingia mara moja. Akapiga yowe, ndege wakaruka. Kisha akagundua kwamba akisimama baridi inamtafuna, na akienda inamwachia. Basi akaenda. Mwalimu alitembea majini pembeni yake, meno yakigongana, akihesabu mikono: nne, kumi, ishirini. Hakukuwa na soga. Ukungu ulificha kila kitu mpaka kitu chekundu kikamgonga kiganja.

Alilikumbatia boya lile kwa mikono miwili. Akalia kidogo, akacheka, akapiga chafya.

Aliporudi ufuoni wifi alimfunika taulo na kumsugua mgongo kama anafua zulia.

"Kaka yangu angekuona leo!"

"Angesema nimechelewa." Fundi akamtazama. "Na wewe, miaka kumi na tisa unaipima bahari hii. Umewahi kuingia?"

Wifi alijikohoza. "Kazi yangu ni kupima."

"Swali langu si hilo."

Jumamosi iliyofuata upepo ulikuwa bado unavuma. Wifi alifika amenuna, amevaa vazi lililoshonwa usiku mmoja na kumbana kwapani, akasimama maji yakimgusa vidole vya miguu.

"Nyuzi ngapi leo?" fundi akauliza.

"Ishirini."

"Vizuri. Nishike mkono, wala usisimame."