Mpaka Mashindano Yaishe

Jumapili saa kumi alasiri, wasichana tisa wa timu ya mkoa ya kupiga mbizi walipanga foleni kwenye korido ya bweni, malapa miguuni na nywele zikiwa bado zimelowa, wakingoja simu ya ukutani. Kila mmoja alikuwa na dakika tano. Mo Caiwei, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alikuwa wa nne. Mbele yake msichana mmoja alimlilia mama yake kwa ajili ya gramu mia mbili. Hazikuwa gramu za kitu chochote cha maana. Zilikuwa gramu zake mwenyewe, zilizojitokeza kwenye mizani asubuhi ile bila kualikwa.

Zamu yake ilipofika, Caiwei alibonyeza namba za nyumbani, na bibi yake akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Kibata, umekula?" Ndivyo alivyoitwa nyumbani tangu alipofundishwa kuogelea mtoni.

"Nimekula mchicha, Bibi. Nimeutafuna mpaka ukaniomba msamaha."

"Haya, sikiliza." Bibi akaanza: binti wa jirani ameolewa na fundi wa lifti, yule bata kilema ameanza kutaga, mvua imeingia jikoni, mama yako amekata nywele na sasa anafanana na askari wa barabarani. Yote hayo aliyasema kwa mkupuo mmoja.

Caiwei alijikuta akihesabu. Mpiga mbizi huhesabu pumzi kama mpishi anavyoonja chumvi, hata asipotaka. Bibi alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha sukari, na kifua chake kilipiga filimbi kila baada ya maneno manne. Siku hiyo filimbi haikuwepo. Hakikuwepo hata kile kimya kidogo ambacho watu walio hai hukitumia kuvuta hewa.

"Bibi, kifua kimepona?"

"Kimepona kabisa. Hakinisumbui tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Caiwei akasema vizuri, akatuma salamu kwa mama, akampisha msichana wa tano. Kesho yake, mazoezini, alipanda jukwaa la mita kumi, akajirusha kinyumenyume, akazunguka mara tatu na nusu, akaingia. Maji yalijifunga juu yake kama mlango wa ofisi. Kocha alisema hajawahi kumwona akiingia vizuri namna ile.

Ni kweli kwamba bibi alikufa Jumanne, saa tatu asubuhi, akisafisha konokono wa mchuzi wa tambi. Lakini Ijumaa iliyotangulia ulikuwa umefika waraka wa timu wenye muhuri mwekundu. Waraka ulisema kwamba familia zinaombwa zisimweleze mwanamichezo habari za ugonjwa, kifo, talaka wala kubomolewa kwa nyumba mpaka mashindano yaishe. Mama yake Caiwei aliusoma kwa sauti mbele ya maiti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikatika. Bibi, ambaye katika maisha yake yote ya kiwandani hakuwahi kupinga kitu chenye muhuri, akaketi, akafuta mikono.

"Mashindano yenyewe lini?"

"Mwezi wa tisa, Mama."

"Basi mpaka mwezi wa tisa," akasema, akaendelea na konokono.

Majirani waliokuja na pole waliambiwa bado, wakarudi nazo. Jeneza, ambalo bibi alijinunulia mwenyewe alipotimiza miaka sitini, lilibaki ghorofani, na mama akahifadhi humo vitunguu saumu visiingiwe na unyevu. Taabu pekee ilikuwa mezani. Wafu hula mvuke, hivyo bakuli lililowekwa mbele ya bibi liliondoka likiwa limejaa, ila tambi zake hazikuwa na ladha tena. Mama alizila yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwaga chakula, akalalamika kwamba anakonda kwa ajili ya taifa.

Mwezi wa tisa Caiwei alishinda. Mama akampigia simu Kiongozi Pei, mkuu wa timu, aliyezungumza na wazazi kama anayewasomea maelekezo ya dawa.

"Kiongozi, sasa tumwambie?"

"Waraka unasemaje, mama?"

"Mpaka mashindano yaishe. Yameisha."

"Hayo ndiyo yameisha. Kuna ya mwezi wa kumi na moja."

"Lakini waraka..."

"Usome tena, mama. Umesema mashindano. Haukusema mashindano gani."

Mama aliusoma tena. Haukusema.

Habari za bingwa haziwezi kuandikwa bila utoto wake, kwa hiyo nao utajwe. Caiwei alipokuwa na miaka sita, mtu mwenye filimbi shingoni aliingia katika shule ya chekechea ya mji wetu, akawaamuru watoto wanyooshe mikono juu mpaka iguse masikio. Wale ambao viwiko vyao havikupinda walichukuliwa. Walikuwa wawili, mmoja alilia, akarudishwa. Kipaji cha kwanza cha Caiwei kilikuwa viwiko, na cha pili kilikuwa kuchelewa kulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kudai zaidi ya hapo.

Bwenini alijulikana kwa mengine. Alificha miguu ya bata ya kukaanga ndani ya kofia ya kuogelea. Aliwaambia wasichana wageni kwamba mizani ya asubuhi hupima pia uongo, nao wakaungama mmoja mmoja. Ndivyo alivyojua nani amefukia biskuti wapi. Alipoadhibiwa kupanda ngazi za jukwaa mara hamsini, alipanda huku akiimba wimbo wa shule, kwa unyenyekevu uliomkera kila mtu.

Kisha akashinda miaka mitano mfululizo. Waandishi wa habari walipomuuliza siri, alijibu kwa uso mkavu: "Kila mtu anaweza kuanguka. Mimi naanguka bila kumlowesha mtu." Waliandika kwamba ni mnyenyekevu.

Kila mwaka mpya alipewa siku mbili za kwenda nyumbani, kati ya mashindano na mashindano. Bibi alikuwa dirishani, miguu ndani ya viatu vya kitambaa vya kuzikiwa, ambavyo alikuwa ameanza kuvizoea. Caiwei alimpa medali aing'ate. Haikupata alama. Mezani alitazama mvuke wa bakuli la bibi ukielekea upande mmoja tu, halafu akatazama dari. Mama naye alitazama dari. Lilikuwa dari la kawaida, na familia nzima ilijifunza kila ufa wake.

Alikuwa anajua, basi, na alinyamaza. Mwanzoni alijiambia ananyamaza ili mama asione aibu. Baadaye alijiambia ni nidhamu. Mtu aliyeshinda medali kumi na mbili hupata urahisi wa kujiamini, na ilimchukua muda kukubali kwamba alinyamaza kwa sababu ya zile dakika tano. Siku akisema "najua", bibi ataweka simu chini, na Jumapili itakuwa na saa kumi kama siku nyingine yoyote. Kiongozi Pei alipoleta fomu ya miaka mingine ya mashindano, alisaini. Alipoileta tena, alisaini tena. Magazeti yalisema anaipenda nchi yake. Aliipenda, ila alichokuwa akisaini ni Jumapili.

Akiwa na miaka ishirini na mitatu daktari alimulika jicho lake la kushoto, akasema maji yameligonga vya kutosha. Kiongozi Pei alileta fomu ya tatu, pamoja na kalamu. Caiwei aliiweka chini ya godoro, na Jumapili akapiga simu.

"Kibata," bibi akasema, "leo nina jambo. Unajua."

"Najua nini, Bibi?"

"Usinifanye mjinga. Nimekufa, sijapumbaa."

Msichana aliyefuata kwenye foleni alikuwa akikata kucha. Caiwei aligeukia ukuta.

"Tangu ile Jumapili ya bata kilema," akasema.

"Miaka mitano, na kimya."

"Na wewe ulinyamaza."

"Mimi niliambiwa na waraka. Wewe uliambiwa na nani?"

Caiwei alizungusha waya wa simu kidoleni.

"Babu yako ananingoja," bibi akaendelea. "Hata akiwa hai hakuweza kungoja chai ipoe. Nimechoka kukaa, mwanangu. Viatu vinaisha soli na sijaenda popote."

"Na Jumapili je?"

"Jumapili utafua nguo kama watu wengine."

Caiwei alicheka, ikamlazimu kujifuta uso kwa ile taulo ndogo ya mpiga mbizi, ambayo haitoshi hata uso.

"Ila kabla sijaenda," bibi akasema, "nataka kuona maji yakiruka. Miaka yote hii nakutazama kwenye televisheni. Nakuona juu, halafu sikuoni. Mtu anaingia kama vile hakuwahi kuwepo. Watu wanapiga makofi. Mimi hiyo ya kutokuwepo naijua, ninayo hapa nyumbani."

Dakika tano ziliisha.

Katika fainali iliyofuata, Caiwei aliongoza mpaka raundi ya mwisho. Alipanda jukwaa la mita kumi, akajifuta, akaitupa taulo chini, akatembea hadi ukingoni kwa heshima zote. Mtangazaji akataja mzunguko mgumu kuliko yote. Caiwei akaruka, akakumbatia magoti, akashuka kama gunia la viazi.

Maji yaliwafikia watazamaji wa safu ya tatu. Yalimlowesha Kiongozi Pei na faili alilokuwa amepakata. Majaji saba, ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kukubaliana juu ya chochote, walikubaliana sufuri. Caiwei aliibuka na mgongo mwekundu, akashika nafasi ya nne, ambayo haina medali. Yeye aliiona mbizi ile kuwa bora kuliko zote alizowahi kuruka, maana ndiyo pekee aliyoisikia.

Jioni mama alipiga simu. Alikuwa amengoja mpaka medali zigawiwe, kwa sababu ya waraka.

"Bibi yako amefariki," akasema. "Leo. Alikuwa anatazama. Akasema, 'Haya, sasa nimemwona,' akafumba macho."

"Leo?" Caiwei akauliza.

"Leo," mama akasema.

"Pole, Mama," akasema Caiwei, na wote wawili wakalia kama watu waliopata habari.

Bibi alizikwa kando ya babu, jeneza likinuka saumu. Kwenye jiwe mama alitaka iandikwe ile Jumanne, lakini ofisi ilisema tarehe ni ile iliyoripotiwa, ikagonga muhuri.

Kiongozi Pei alikasirika miezi sita, kisha akapungukiwa na kocha. Mtu aliyefundishwa kuanguka tu hana kazi nyingi za kuchagua, na Caiwei alirudi bweni lilelile. Ukutani simu ilikuwa ileile, na wasichana walikuwa na viwiko vizuri. Aliwanyang'anya miguu ya bata, akaila ofisini huku akijidharau. Kila msimu aliletewa waraka autie saini chini ya jina la kocha. Mara ya kwanza alichukua kalamu akaongeza: mashindano gani? Ukarudishwa umechapwa upya, bila swali lake. Aliutia saini. Uliofuata aliutia saini pia.

Jumapili moja simu ililia kabla ya saa kumi, akapokea yeye. Aliyepiga alikuwa mzee, babu yake Ruan Shuang, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Mzee alieleza kwamba miwa imekatwa, mbwa amezaa watano, paa limezibwa na fundi alikuwa mlevi ila paa ni zima, na je, mjukuu wake yupo. Alieleza yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Caiwei alihesabu. Hakukuwa na cha kuhesabu.

"Yupo, Babu," akasema. "Namwita."

Alimwachia Shuang dakika kumi badala ya tano. Huo ndio uasi alioumudu, na aliona haya kwamba moyoni alijipongeza. Waliofuata kwenye foleni walinung'unika. Shuang aliweka simu chini akiwa anatabasamu.

"Kocha, kikohozi cha babu kimepona."

"Vizuri," akasema Caiwei. "Nenda kwenye mizani."