Wimbo wa Baba

Kila mara kompyuta ya marehemu mumewe ilipoomba kusasishwa, mjane yule alibonyeza "Baadaye". Alihofia isije ikafuta wimbo wa kumbembeleza ambao mumewe alimrekodia binti yao. Sasa kirusi kinachojisambaza chenyewe mtandaoni kilikuwa kimeingia na kuvuruga kila faili, wimbo ule ukiwemo.

"Kimepitia tundu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, akikwepa kumtazama usoni. "Kiraka cha kuliziba, yaani lile sasisho, ndicho ulichokuwa ukikiahirisha."

"Kumbe nilidhani namlinda mume wangu, nami nimemwachia mwizi mlango wazi!"

Jioni binti alidai wimbo wake. Mama akajikaza, akaanza kuimba.

"Siyo hivyo, mama. Baba anakohoa kwanza."

Mama akakohoa, machozi yakimlengalenga, akaanza upya.