Kikohozi Kilichoshika Nafasi

Alhamisi asubuhi mwenye duka la dawa alifungua mlango, akapangusa kaunta kwa kitambaa chenye spiriti, kisha akatoka barazani kuangalia foleni. Kwenye benchi palikuwa na kofia moja, mfuko wenye jiwe ndani, na kikohozi cha Fundi.

Mtaani pale foleni zilipangwa hivyo. Mtu mwenye shughuli huacha kitu kishike nafasi yake, akaenda zake, na hakuna wa kukisogeza. Dawa nazo, nyingi zilikuwa zinaisha kabla ya adhuhuri. Fundi alikuwa anapitia hapo alfajiri akielekea zahanati kutafuta cheti cha daktari, na kandambili alikuwa na jozi moja tu, aliyoivaa. Akaacha kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha kifuani, kikavu, kama msumeno uliokwama kwenye mbao mbichi. Fundi mwenyewe alikuwa seremala. Benchi hilo alilichonga yeye, na rafu za dukani vilevile.

Mwenye duka walimwita Bi Cheti, maana hilo ndilo neno alilomwanzia kila mteja, hata salamu ilifuata baadaye. Kikohozi alikisalimu kwanza, kwa kuwa walijuana. Kisha akauliza cheti. Kikakohoa.

"Basi subiri," akasema, akaenda kuwasha redio.

Redioni waheshimiwa walikuwa wiki ya tatu wakijadili kama sheria ya vyeti ilegezwe, ili mfamasia aruhusiwe kutoa dawa kadhaa kwa akili yake mwenyewe. Mmoja alisema watu wanakufa wakingojea karatasi. Bi Cheti akaona ni kweli. Mwingine akasema dawa zitauzwa kama karanga mpaka vijidudu vizizoee. Bi Cheti akaona hilo nalo ni kweli. Hapo ndipo alipokuwa anachoka.

Saa saba mchana Fundi akarudi. Sauti yake ilikuwa safi, haina mkwaruzo, ila shati lilikuwa limemzidi mwili na aliegemea mwimo wa mlango kama mtu anayeupima.

"Daktari kasemaje?" Bi Cheti akamuuliza.

"Kaweka chombo chake kifuani, kaniambia kohoa. Nikamwambia, daktari, kikohozi nimekiacha kwa Bi Cheti kinanishikia nafasi. Akasema hawezi kumwandikia dawa ya kikohozi mtu asiyekohoa. Nirudi Alhamisi ijayo." Daktari alifika zahanati hiyo Alhamisi tu.

"Kichukue basi, ukae nacho mpaka siku hiyo."

"Nafasi je? Kiko nafasi ya tatu, dada. Halafu mke wangu ana mwezi hajalala. Mwache alale." Akajishika kifua. "Humu ndani panawaka vilevile. Sema panawaka kimyakimya."

Akanyosha kidole ndani ya duka. "Boksi lenyewe si lile pale? Rafu ya pili. Naijua, niliipiga misumari mimi."

Bi Cheti akalitazama boksi. Halafu akamtazama mpwa wake, aliyekuja na chakula cha mchana na kuketi kwenye benchi karibu na kikohozi. Mpwa alipokuwa na miaka minne, Bi Cheti alimpa dawa kali ya homa bila karatasi, kwa sababu mama yake alikuwa analia. Homa iliondoka siku ya pili, ikaondoka na masikio. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mshonaji wa mapazia, na mtu pekee mtaani aliyeweza kula kwa utulivu pembeni ya kikohozi kile. Kikohozi nacho kilisogea kumpisha.

"Siwezi, Fundi."

"Najua. Nimeuliza tu ili uwe umeulizwa."

Jumanne waheshimiwa watatu walikuja kukusanya maoni ya wadau. Mwenyekiti wao akaketi barazani, akakiuliza kikohozi kama kinaunga mkono marekebisho. Kikakohoa. Karani akaandika kwamba mdau mmoja amechangia mara tatu, kwa hisia. Wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakaondoka.

Jumatano Fundi alikufa, bila kukohoa hata mara moja. Mkewe alisema alidhani mume wake amepata nafuu.

Alhamisi jioni daktari alitoka mazikoni, akapita dukani kununua vidonge vyake vya presha, akiwa na cheti alichojiandikia. Akasimama barazani, akasikiliza. Akatoa chombo chake, akakibandika kwenye benchi.

"Ndicho hiki," akasema. "Mbona hakikuletwa?"

Akaandika cheti papo hapo. Bi Cheti akakisoma mara mbili: jina, tarehe, saini, mhuri. Hakikupungua kitu. Akahesabu vidonge ishirini na kimoja, akavihesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza macho yake hayakuona vizuri.

Alikinywesha mwenyewe, kutwa mara tatu, kwa maji ya uvuguvugu. Siku ya tano kilikuwa kimebaki kama mtu anayesafisha koo. Mke wa Fundi, aliyekuwa anakuja kukijulia hali, akasema, "Kimeshapona, Bi Cheti. Kiache kipumzike."

"Dozi lazima iishe."

Siku ya saba benchi likawa kimya. Wanawake wawili wakakaa wakalisikiliza.

"Angepona," akasema mke wa Fundi.

"Angepona," akasema Bi Cheti.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba mjadala umeahirishwa hadi kikao kijacho. Taarifa ya kamati ilikuwa tayari, ila ilihitaji saini ya mdau aliyechangia mara tatu, na mdau huyo hakupatikana.

Asubuhi iliyofuata Bi Cheti alifungua mlango, akapangusa kaunta, akatoka barazani. Kwenye benchi palikuwa na kandambili, kikapu, na mwishoni kabisa homa ya mtoto, ndogo, imejikunyata. Alikisogeza kikapu kisiibane. Akaweka kiganja juu ya mbao ya Fundi, akaiona inachoma.

"Cheti," akasema.